Barakoa Iliyofukizwa kama Kibuyu

Mama mkwe wangu alipoiona barakoa kwa mara ya kwanza, aliuliza kama watu wa Eldoret wameanza kuwaachisha ziwa watu wazima. Kwao, ndama akikataa kuacha kunyonya hufungwa kitu chenye miiba puani, ili akimsogelea mamake amchome na mamake amfukuze. Sasa alikuwa ananiona mimi, mwalimu mzima, mjamzito, nimekaa kitandani na dude la plastiki puani, mikanda kichwani, na bomba refu linatoka usoni mwangu hadi kwenye mashine iliyokuwa ikivuma juu ya kigoda. Sikucheka. Nilitaka kumjibu, lakini ukiwa umevaa kitu kile, ukifungua mdomo hewa inakutoka kwa kasi na maneno yote yanakuwa upepo. Basi alisema yeye, nikanyamaza mimi, na ndivyo tulivyoishi miezi ile.

Nilikuwa mkoromaji. Mume wangu alizoea kunitania kwamba majirani wetu wa mtaa wa Kanamkemer, Lodwar, hawahitaji mbwa, fisi wakinisikia wanageuza njia. Alikuwa akifanya kazi ofisi ya serikali Kakuma na kurudi nyumbani Jumamosi, kwa hiyo mwenyewe hakuteseka sana. Mimi niliona ni uchovu wa jua tu. Mtu aliyezaliwa upande wa Kitale, kwenye ukungu na mahindi, akihamishiwa Lodwar lazima asinzie. Lakini nilianza kusinzia nimesimama, chaki mkononi, na watoto wa darasa la nne wakanyamaza wote pamoja, kwa huruma, jambo ambalo watoto wa darasa la nne hawalifanyi bure.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Lodwar akiwa kimya. Hakuna aliyekosea, waliniambia, na mimi pia nasema hakuna aliyekosea. Ila mlango ule wa wodi sikuweza kuupita tena, hata kumtembelea mgonjwa. Kwa hiyo mwaka 2012 niliposhika mimba nyingine na presha ikaanza kupanda, mume wangu alinipeleka Eldoret. Huko walinilaza nimefungwa nyaya kama redio inayotengenezwa, na asubuhi daktari akanieleza. Alisema nikilala, koo langu linajifunga. Pumzi inakatika, mwili unashtuka, inarudi, inakatika tena, na mimi mwenyewe sijui lolote.

"Na pumzi yako ikikatika," akasema, "ya mtoto inapungua pia."

Hakusema kama ndicho kilichomchukua wa kwanza. Sikumuuliza. Akanipa ile mashine, inayosukuma hewa puani ili koo libaki wazi. Kuanzia siku ile hakuna aliyehitaji kunibembeleza nivae barakoa, hata mashine ingekuwa na meno.

Alinifundisha kama mimi ninavyofundisha herufi, polepole na kwa kurudia. Nisikaze mikanda, maana ukikaza sana hewa ndiyo inavuja zaidi na pua inachubuka. Niizoee kwanza mchana, nikiwa macho, nikisoma au nikichambua mchele, ili akili iache kudhani inanyongwa. Kila asubuhi nioshe ule mpira laini unaogusa uso, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nianike kivulini. Kichujio cha vumbi nikisuuze mara kwa mara, na kwa Lodwar hiyo ilimaanisha kila nikikitazama. Kikopo cha maji kwenye mashine nisikitilie maji ya bomba, na kweli nilipojaribu maji ya kisima chetu yaliacha ukoko mweupe kama wa birika kuukuu. Nikawa nanunua maji safi yanayouzwa kwenye kituo cha mafuta kwa ajili ya betri za magari, na yule muuzaji akaamini nina lori. Na la mwisho, kwa msisitizo: nisipake mafuta usoni kabla ya kuivaa. Mafuta yanaula ule mpira, unalegea, hewa inavuja.

Na nivae kila ninapolala, hata usingizi wa mchana. Hapo ndipo kifungo kilipoanza.

Mtu ambaye hajaishi Lodwar hajui nyumba ya mabati ni nini jua likishatua. Bati linarudisha joto lote lililokusanya mchana, na wenye akili wanatoka nje. Uani kwetu familia zote zililala nje, juu ya mikeka na ngozi, chini ya vyandarua vilivyofungwa kwenye kamba za kuanikia nguo. Wanapiga soga, wanacheka, upepo wa mto unawapitia. Mimi nilikuwa ndani, karibu na soketi, maana mashine haiwezi kwenda uani. Bomba lilikuwa na urefu wa kuniruhusu kugeuka upande wa pili, basi. Mbuzi wa jirani alikuwa na kamba ndefu kuliko yangu. Nilisikia hadithi zikianza na sikusikia zikiisha, kwa sababu sauti ya mashine ilizifunika, na nikigonga ukuta kuuliza nani kashinda hawanielewi. Stima ikipotea, na mitambo ya dizeli ya Lodwar ilikuwa na tabia zake, mashine inanyamaza ghafla na barakoa inageuka kizibo. Nilikuwa nainuka nikiwa natapatapa, nairarua, kisha nakaa kitako nikisubiri stima, naogopa kulala bila hiyo.

Mama mkwe alikuja kutoka upande wa Kalokol mara tu aliposikia kuna mimba. Hakuombwa. Alitandika ngozi yake nje ya mlango wangu, kabisa kizingitini, hata mtu wa kunitembelea ilibidi amruke. Asubuhi ananisalimu, "Ejok?" huku macho yake yako tumboni, kisha anauliza, "Mtoto iko?" Namwambia yuko. Anaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Hakuniuliza hata siku moja kama nimelala vizuri, kama kichwa kinaniuma, kama yale makovu ya mikanda mashavuni yanawasha. Nilikuwa mke kutoka nje, asiyejua kukamua, aliyezaa mtoto kimya. Nikajiita kibuyu. Kibuyu kinachungwa kwa sababu ya maziwa, hakiulizwi kama kimechoka. Nilimwambia mume wangu hivyo kwa simu, akacheka, nikakata simu.

Tatizo la mafuta lilikuwa kubwa kuliko daktari alivyojua. Eldoret mtu anaweza kukaa bila mafuta akaonekana mtu. Lodwar, upepo ule mkavu na vumbi, bila mafuta unapauka unakuwa kama mtu aliyebingirishwa kwenye unga. Nilikuwa napaka mwili mzima na kuacha uso, na uso ulipasuka pembeni mwa pua na midomoni. Wanawake wa uani walianza kusema. Kwa mama mkwe ilikuwa aibu ya kwake, si yangu: mke wa mwanawe, tena mjamzito, anatembea na uso mkavu kama yatima, watu watasema nini? Alinitolea mafuta yake ya mnyama, yale anayoyatunza kwenye chombo chake cha ngozi. Nikakataa. Nikamweleza kwa Kiswahili kirefu ambacho hakikumfikia, na nadhani alichosikia ni kwamba mafuta yake yanaharibu vitu. Alifunga chombo, akatoka, na kwa muda nikamsikia akizungumza na mbuzi wa jirani.

Jambo la pili lililomkera ni sabuni. Alikuwa anasimama mlangoni kila asubuhi akiniangalia nikiosha barakoa kwenye beseni, na uso wake unasema kila kitu. Sikujali. Kila mtu ana lake la kukereka nalo.

Mwanzoni mwa 2013, shule zilipofunguliwa, tumbo lilikuwa limekuwa kubwa na nilikuwa natembea kama nimebeba ndoo. Siku moja nilirudi nyumbani wakati wa mapumziko ya mchana, nikiwa na usingizi wa kuanguka. Uani kulikuwa na harufu nzuri sana. Naikumbuka hivyo, harufu nzuri, ile ya mti wanaoutumia kufukiza vibuyu vya maziwa, na nikafikiri kuna mtu kaletewa maziwa. Kisha nikamwona mama mkwe amechuchumaa kivulini. Alikuwa na kigae cha makaa mbele yake, na juu ya makaa, kwa ncha ya kijiti, alikuwa ameshikilia barakoa yangu. Aliigeuza taratibu upande huu na upande ule, kwa uangalifu wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Bomba alikuwa ameshalimaliza, lilikuwa limeviringwa kwenye ungo na moshi bado unatoka ndani yake. Na ule mpira wa kugusa uso uling'aa. Alikuwa ameupaka mafuta.

Nilimpokonya. Upande wa kushoto, ule uliokaribia makaa, ukingo ulikuwa umejikunja na haukurudi. Nilipoubonyeza ulilegea vidoleni kama ngozi ya maziwa.

"Kitu ya uhai haioshwi na sabuni," alisema, akiwa bado amechuchumaa. "Sabuni ni ya nguo. Hii nimefukiza, nimetia mafuta, sasa itakaa sawa kwa uso."

"Umemuua mtoto wangu," nikamwambia.

Sikutumia Kiswahili kirefu safari hiyo, na alielewa. Wanawake wa uani walielewa pia, maana waliacha walichokuwa wakifanya. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sikuwa na nia ya kuyazoa. Miezi yote nimelala kwenye tanuri, nimekaa na uso wa majivu, nimefungwa ukutani, sababu moja tu, halafu mtu anachukua sababu hiyo na kuichoma kwa upendo.

Nilijaribu kuivaa. Moshi uliokuwa ndani ya bomba ulinijia wote kwa pamoja nikatapika. Nikaosha, nikasubiri, nikajaribu tena. Upande wa kushoto hewa ilitoka ikanipiga jichoni kama mtu anayepuliza makaa, na mashine ikaanza kulalamika. Nikakaza mikanda hadi kichwa kikauma, ikavuja zaidi, kama nilivyofundishwa. Nikampigia daktari wa Eldoret. Alisema atatuma nyingine kwa basi, na nisilale chali, nikae nimeegemea mito, na niende mahali ambapo kuna watu wa kuniangalia. Barakoa ilifika Kitale. Hapo ikakwama, maana kulikuwa na milio ya risasi upande wa Kainuk, kwenye barabara ya kuja kwetu, na magari yalikuwa yamezuiwa hadi hali itulie. Nilikuwa napiga simu kila asubuhi, na jibu lilikuwa lilelile: iko, imefungwa vizuri, haitoki. Nilielewa hali yake kabisa.

Mume wangu alisema niende Kakuma. Kuna hospitali ya misheni yenye stima isiyokatika, na yeye yuko hapo. Wodi ya Lodwar hakuitaja, Mungu ambariki. Alikuja na gari la kuazima, akapakia mashine na barakoa ileile, na kabla sijaingia, mama mkwe alikuwa ameshakaa nyuma, ngozi yake imekunjwa magotini. Nilimvuta mume wangu pembeni nikamwambia simtaki mamake. Akaniuliza sasa amwache wapi, kana kwamba tunazungumzia sanduku. Njia nzima hatukusemezana. Kila kichwa changu kilipoanza kudondoka kwa usingizi, kidole kigumu kilinichoma mgongoni kutoka nyuma. Niliona ni ukatili.

Kakuma nilipewa kitanda karibu na ukuta wenye soketi, na sikuruhusiwa kushuka isipokuwa kwenda haja. Presha ilikuwa imepanda, na barakoa mpya ilikuwa bado imekwama Kitale. Nikahesabu mabati ya dari, nikayajua yote kwa kutu zake. Mchana daktari alitaka nilale, kwa sababu sikuwa nimelala sawasawa tangu Lodwar, na nesi alijaribu kuziba ule ukingo kwa plasta, ikabandua ngozi ya shavu. Mama mkwe alikaa chini, mgongo ukutani, akitazama.

Mume wangu alikwenda kanisani akaomba msaada, na msaada uliokuja ulikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, aliyekuwa na kibanda sokoni mwa kambi. Alishona milaya, yale mashuka ya kutarizi maua ambayo wenzake huyatandika wageni wakija. Alisema amesikia kuna mwalimu ambaye pua yake inavuja. Nilidhani ananitania, lakini alikuwa makini kama fundi wa saa. Aliomba barakoa, akaivaa yeye mwenyewe, mashine ikiwa imewashwa, akafumba macho. Alikaa hivyo hadi wagonjwa wengine wakaanza kucheka. Alipoivua alinigusa pembeni mwa pua, palepale panapouma, akasema, "Hapa inauma, na hapa inatoroka." Kisha akasema pole, mara nyingi, kama mtu anayesalimia msibani.

Aliketi kwenye kitanda changu akakata kitambaa cha pamba laini kutoka pembe ya shuka, akakishona pete ya kukaa kati ya mpira na uso. Mshono aliuweka upande wa nje ili usinikwaruze. Upande wa kushoto aliongeza tabaka, kujaza pale palipojikunja. Na kwa sababu mkono wake haukujua kuacha kitambaa kitupu, akatarizi ua dogo jekundu. Nikawa mgonjwa pekee Turkana nzima mwenye ua puani. Aliniambia nikifue kila siku na nisikitie mafuta, na alipotamka neno mafuta nilimtazama mama mkwe, naye akatazama miguu yake.

Kitambaa kilisaidia. Kilikausha jasho, makovu yakapumzika, na kulia hewa ikatulia kabisa. Lakini kushoto bado ilitoroka kila nikilegea kwa usingizi. Ilihitaji kitu cha kuibana kidogo tu, wala si mkanda, maana mkanda unavuta kote.

Mama mkwe aliinuka sakafuni, akavuta kigoda, akaweka kiganja chake kwenye shavu langu la kushoto, akabana.

Kiganja kile kilikuwa kikavu na kizito, kilinuka moshi na tumbaku, na kilifunika jicho moja. Sasa nilikuwa na mpira, kitambaa, mikanda, bomba, ukuta, na juu ya yote mkono wa mtu niliyemwita muuaji mbele ya uani mzima. Nilitaka kuvirusha vyote chini nikimbie hata uchi hadi kwenye korongo kavu nje ya mji, nivute hewa yoyote, hata ya vumbi. Nilishika kifundo cha mkono wake nikaanza kuutoa. Mtoto akageuka tumboni, polepole, kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa godoro. Nikauachilia.

Nililala. Nilipoamka kivuli cha dirisha kilikuwa kimehamia ukuta mwingine, na kiganja kilikuwa palepale, mkono wote unatetemeka kwa uchovu. Nesi aliniambia amejaribu kumpokea akakataa. Ikawa kazi yake, kila nikilala. Alijifunza kubana bila kukandamiza. Alijifunza sauti ya mashine hewa inapovuja na inapokaa, hata akawa anasogeza kidole kimoja tu na mlio unatulia. Watu wa wodini walimsifu, wakasema nina bahati ya mama mkwe. Nilijua anachokichunga, na kilikuwa chini kidogo ya pale mkono ulipokuwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilikuwa nimekubali kuwa kibuyu mradi maziwa yafike.

Siku presha ilipokataa kushuka daktari alisema hawasubiri tena. Walinichoma sindano mgongoni nikafa ganzi nusu, wakanipasua adhuhuri, nikiwa macho, natazama taa. Nilisikia vyuma. Nilisikia daktari akiomba kitu na kukipata. Kisha kukawa na kimya kirefu ambacho nilikijua, nilikuwa nimewahi kukisikia, na nikaanza kuomba Mungu kwa lugha ya kwetu. Halafu akalia. Alilia kwa hasira, msichana, na sauti ilijaa chumba kizima ikatoka nje, na huko nje mume wangu akaanza kulia naye.

Waliponirudisha wodini kila mtu alikuwa dirishani. Mume wangu, yule mama wa milaya, nesi, wagonjwa walioweza kutembea, wote wameinama juu ya kitu kidogo kilichofungwa kitambaa. Vigelegele vilikuwa vimeanza. Mimi nililazwa karibu na ukuta, mwili haujarudi, macho yanajifunga yenyewe. Hakuna aliyekumbuka mashine na sikushangaa. Niliona nesi akimnyooshea mama mkwe mtoto, yeye kwanza kuliko wote, kama mkubwa wa familia. Nikangoja nimwone anavyompokea, maana nilitaka kuuona uso wake.

Hakumpokea. Alimtazama mara moja, akasema apewe babake, akawageuzia wote mgongo. Alikuja hadi kitandani, akavuta kigoda, akabonyeza kitufe cha mashine, akachukua barakoa na kuipangusa ndani kwa kitambaa safi, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Nilimwambia aache, mtoto ameshatoka. Aende akamshike.

"Mtoto sasa iko na pua yake," akasema. "Lete yako."

Akanifunga mikanda, si kwa kukaza, akaweka mkono shavuni mwangu.